Fremu Isiyo na Rangi

Juma lililopita niliwaacha makaburini, tukimzika mdogo wangu Livio, mwezi wa Mei mwaka 1974. Niliwaeleza alivyoanguka akiteremka mlima Grappa katikati ya mashindano, na jinsi mji mzima ulivyosema kwamba uma wa mbele wa baiskeli yake ulikunjika chini yake ukamrusha ukutani. Niliwaeleza pia mama alivyoibeba ile baiskeli begani mpaka kwa fundi aliyeiunda, Attilio Sartoretto, akaitupa mlangoni na kumwambia, "Chukua ulichokitengeneza." Fundi alifunga karakana yake, akahamia Ubelgiji na mkewe na bintiye, akafia huko.

Kuna jambo nililiruka. Nilisema mji mzima ulisema ni uma. Sikuwaambia nani alilisema neno hilo kwanza.

Ni mimi.

Sasa nawapeleka mbele miaka thelathini na miwili. Jumapili ya mwisho ya Septemba, mwaka 2006. Kila mwaka siku hiyo padri hubariki baiskeli za zamani uwanjani, kisha watu huzipanda kwenye njia za vumbi kati ya mashamba ya mizabibu. Sharti ni moja tu: baiskeli iwe imeundwa kabla ya 1980. Mkaguzi wa umri alikuwa mimi, Ivo Dal Molin, miaka kumi na minne mfululizo. Meza yangu iliwekwa chini ya matao, na karani wangu alikuwa Gildo, kinyozi, mtu asiyeweza kunyamaza hata akiwa na wembe shingoni mwa mteja.

Asubuhi ile wa kwanza alikuwa daktari wa meno.

"Mwaka gani?" Gildo akamuuliza.

"Hamsini na nane. Ilikuwa ya babu yangu, Mungu amrehemu."

Niliipindua baiskeli juu chini. Watu hutazama rangi na jina lililoandikwa ubavuni. Vyote viwili ni uongo. Kwetu baiskeli hupakwa rangi upya kila baridi ikiingia, na mwendeshaji akipata mfadhili mpya, fremu ya fundi wake huandikwa jina la mfadhili. Ukitaka ukweli, utazame tumboni, pale pedeli zinapopita.

"Daktari, babu yako alifariki lini?"

"Sitini na sita."

"Basi aliipanda akiwa ahera. Tazama, waya wa gia unapita chini ya bomba la pedeli. Mwaka sitini na sita hapa kwetu waya wote ulipita juu. Gildo, andika sabini na tisa."

"Niandike na babu?"

"Babu mwache apumzike."

Watu wakacheka, daktari naye akacheka kidogo. Akaruhusiwa. Ivo hakosei, walikuwa wakisema. Walileta fremu kutoka Verona, wengine kutoka ng'ambo ya milima ya Alpi, ili niziguse na kutaja mwaka. Walidhani nazipenda.

Miaka yote ile nilikuwa natafuta fremu moja. Ningeipata kabla ya mtu mwingine kuitazama, ningelala.

Mwanamke mmoja alisogea mezani. Umri wake ulikuwa hamsini na kitu, nywele fupi za mvi, koti la mvua mkononi ingawa jua lilikuwa linawaka. Hakuwa na baiskeli. Alikuwa na fremu tupu na uma wake, bila magurudumu, bila usukani, bila hata tone la rangi. Chuma kitupu cha kijivu kilichopakwa mafuta. Uma ulikuwa umekunjwa kwa nyuma kama goti la mbuzi.

"Dada, hii haitafika hata kanisani," Gildo akasema.

"Sikuja kupanda," akajibu. Lafudhi yake ilikuwa yetu, lakini imekaa mbali muda mrefu. "Nimekuja kuuliza mwaka. Nasikia yupo bwana hapa hakosei."

"Rangi imekwenda wapi?"

"Niliiondoa. Nilitaka kuona ilipopasuka."

"Ukaona wapi?"

"Sikuona popote."

Nikaipokea. Nilipoishika tu, vidole vyangu vilijua. Kila fundi ana mkono wake. Pale mabomba yanapokutana, Sartoretto alikuwa akitia tupa chuma cha kiungo mpaka kiwe chembamba kama ukingo wa jani, usihisi bomba linaanzia wapi. Wengine walijaribu kumwiga, ukipitisha kucha unawagundua.

Nikaipindua. Nikafuta tumbo kwa kitambaa. Nambari ilikuwa pale, imegongwa kwa mihuri ya chuma: 74 18. Fremu ya kumi na nane ya mwaka sabini na nne.

Nilipogeuza kichwa nikaona kwa jicho la pembeni bomba la mbele, pale usukani unapoingia. Ndani yake, vidole viwili chini ya mdomo, kulikuwa na kitu cha rangi ya fedha iliyofifia.

Hapa lazima niwaambie kitu hicho kilikuwa nini, msije mkadhani niliogopa kivuli.

Mwaka ule kila mtu alikuwa anatoboa. Ulikuwa ugonjwa. Mshindi fulani alionekana amejaza matundu kwenye vishikio vya breki ili baiskeli iwe nyepesi, na kufikia majira ya kuchipua vijana wote wa mkoa walikuwa na drili mkononi. Tulitoboa breki, tukatoboa gurudumu la meno, tukatoboa bomba la tandiko. Gramu tatu hapa, gramu tano pale. Mimi nilikuwa makanika wa Livio, na nilijiona bingwa.

Sartoretto alinikuta siku moja nikijisifu, akaniambia, "Toboa unachotaka, Ivo. Uma na shingo ya usukani, usiguse."

Livio naye akasema, "Umesikia? Shingo usiguse."

Jumamosi kabla ya mashindano, mama akiwa kanisani na Livio akiwa amelala kupumzisha miguu, niliilaza shingo ya usukani juu ya meza ya jikoni nikaitoboa. Lile bomba la wima, linalozama ndani ya fremu, ambalo hakuna mtu angeliona. Nilitaka kumwambia baada ya kushinda kwamba alikuwa mwepesi kuliko alivyojua. Drili ilitoboa upande huu, ikatokea upande wa pili, ikaingia mezani. Mara tano, kwenye mstari mmoja, upana wa kidole gumba kati ya tundu na tundu.

Mama aliporudi akaona meza yake. Nikamwambia nilikuwa natengeneza rafu. Alinigomba kidogo, halafu akaweka kopo la chumvi juu ya yale mashimo. Mpaka Jumapili hii ninayowasimulia, kopo lilikuwa palepale.

Kesho yake shingo ilikatika kwenye tundu la juu kabisa, katikati ya kona. Mimi nilikuwa kwenye gari lililomfuata, nikawa wa kwanza kufika. Usukani ulikuwa unaning'inia kwenye parafujo moja. Watu walipomzunguka Livio, mimi nilikuwa na spana, nafungua ile parafujo. Niliutia usukani ndani ya gari chini ya koti. Askari alipofika akauliza imekuwaje, nikamwonyesha uma uliokunjwa na ukuta. Nikasema, "Ni uma." Akaandika.

Kipande cha chini cha shingo kilibaki ndani ya bomba la uma. Nilisema nitakitoa usiku wa matanga, watu wakiondoka. Kabla hawajaondoka, mama alikuwa ameshaibeba baiskeli begani.

Sasa fremu ile ilikuwa mezani kwangu, na hatua sita kutoka hapo, kwenye kiti cha majani mlangoni pa ukumbi, alikuwa ameketi mama yangu, Argia, miaka themanini na moja, na koti lake jeusi. Alikuja kila mwaka kwa ajili ya baraka. Juu ya kichwa chake, ukutani, zilipigiliwa nembo za shaba za mafundi wote wa fremu wa wilaya yetu. Kumi na moja. Ya Sartoretto haikuwepo. Mama alisema maadamu yeye yu hai haitapigiliwa, na hakuna aliyethubutu kumpinga mama wa marehemu.

Nikachukua kipimio. Nikapima upana kati ya ncha za nyuma, pale gurudumu linapokaa. Kilisoma milimita mia na ishirini. Ni upana wa gia tano, wa miaka ile ile.

"Mia ishirini na sita," nikasema kwa sauti. "Gia sita. Gildo, andika sabini na tisa."

Gildo akaandika. Fremu ya sabini na tisa isingeweza kuwa ya Livio, wala ya Sartoretto.

"Sabini na tisa," mwanamke akarudia polepole. "Na hiyo sabini na nne iliyogongwa tumboni?"

"Ni nambari ya oda ya mteja. Watu wengi hudanganyika hapo."

"Na mia ishirini na sita una hakika."

"Dada, huyu akipima amepima," Gildo akasema. "Mke wangu alitaka aje anipime na mimi, nikakataa."

Mwanamke hakucheka. Alitia mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa kijiti cha mti mgumu, kimekatwa mraba, kimeng'aa kwa kushikwa. Akakitia kati ya ncha za nyuma. Kiliingia sawasawa, hakikucheza hata kidogo.

"Hiki ni mia na ishirini," akasema. "Baba yangu alikikata mwaka hamsini na tano. Alikitumia kwa kila fremu."

Kalamu ya Gildo ikasimama hewani.

"Na hiyo nne," akaendelea, akiweka kidole kwenye nambari, "itazameni mguu wake. Umekatika. Mimi nilikuwa nagonga nambari pale karakana. Mwezi wa Februari sabini na nne niliudondosha muhuri wa nne kwenye fuawe, ukavunjika mguu. Baba alinicheka wiki nzima. Nne zote zilizofuata ni vilema. Hazikufika thelathini, kwa sababu mwezi wa Mei tulifunga." Akamgeukia Gildo. "Hukuniuliza jina. Andika Nerina Sartoretto."

Nilitaka kusema nimekosea kusoma, macho ya uzee. Ningeweza. Watu wangenisamehe.

Lakini sauti ikatoka mlangoni pa ukumbi.

"Nani amelitaja jina hilo?"

"Ni mimi, Mama Argia," Nerina akasema. "Binti wa Attilio."

"Sogea nikuone."

Alisogea na fremu yake. Mama alimtazama kuanzia viatu.

"Umezeeka."

"Miaka imepita."

"Mwanangu ana miaka ishirini mpaka leo. Umekuja kufanya nini?"

Nerina akafungua leso. Ndani kulikuwa na nembo ndogo ya shaba, imejaa mikwaruzo. "Nimekuja kuomba mahali ukutani. Mama yangu alifariki mwezi wa Aprili, nikafungua vitu vyao. Baiskeli ya Livio ilikuwa kwenye gunia lililoshonwa kwa kamba. Baba hakuifungua hata siku moja. Tulikuwa tukimwambia, itazame, huenda si kosa lako. Akasema Ivo alikuwepo, Ivo ameona, Ivo hana sababu ya kusema uongo."

Wale waliokuwa wakisubiri kukaguliwa walikuwa wamesogea karibu. Hakuna aliyenitazama bado.

"Miaka saba aliyoishi Ubelgiji hakushika tupa," Nerina akasema. "Alikuwa akifagia kiwanda cha watu. Alikufa akiamini ameua mtoto wa jirani yake. Mimi sijui chuma kama bwana huyu anavyojua. Lakini nimetafuta ufa kwa kioo cha kukuzia, miezi miwili. Uma umekunjika, haukukatika. Hakuna kiungo kilichoachia."

Mama akaniita kwa mkono, kama alivyokuwa akituita tulipokuwa wadogo.

"Ivo. Umemwambia sabini na tisa."

"Nilisoma vibaya, mama."

"Wewe?"

Nikaanza kukikunja kitambaa cha kufutia.

"Basi utoe huo uma," akasema. "Hapa, mbele yangu. Kila siku nasikia ulikunjika, ulikunjika. Sijawahi kuuona. Siku ile niliubeba nikiwa nimefumba macho. Leo nataka kuuona."

"Mama, jua kali, turudi tu nyumbani. Nitautoa karakanani kwa utaratibu."

"Nina haraka gani mimi? Toa."

Gildo akaleta spana na mafuta. Nililegeza pete ya juu. Mikono ilikuwa inatii bila mimi. Uma ukachomoka, Nerina akafuta bomba lake, na nambari ikaonekana tena: 18, ileile ya fremu. Attilio alizigonga pacha ili zisije zikabadilishwa.

"Ni yenyewe," Gildo akasema kwa sauti ndogo. Halafu akainamisha jicho kwenye mdomo wa bomba. "Kuna kitu humu ndani."

"Kipo," Nerina akasema. "Fundi mmoja kule alijaribu kukitoa akashindwa. Akaniambia nikimwagilie mafuta kila siku, nikipeleke kwa mtu anayezijua baiskeli hizi. Tangu Agosti nakimwagilia."

"Ni kutu tu," nikasema. "Kiacheni."

"Kutu haing'ai," Gildo akajibu. Alikuwa ameshashika nyundo na ufito wa chuma. Yule ni rafiki yangu tangu shule ya msingi. Hakuwa na nia mbaya. Alitaka tu kujua, kama anavyotaka kujua habari za kila anayekaa kwenye kiti chake cha kunyolea.

Akaugeuza uma, akatia ufito kwa chini, akagonga.

Mara ya kwanza hakikutikisika. Mara ya pili kikalia. Ningeweza kumshika mkono. Nilisimama nikitazama viatu vyangu, na niliwaza jambo la kijinga, kwamba kamba ya kiatu cha kushoto imelegea.

Mara ya nne kikadondoka juu ya mawe ya uwanja, kikabingirika, kikasimama karibu na mguu wa kiti cha mama.

Kipande cha bomba la aluminiamu, urefu wa kiganja. Matundu manne kamili, na juu kabisa, pale lilipokatika, nusu ya tundu la tano, kama mwezi mchanga.

"Hii ni shingo ya usukani," Gildo akasema. "Nani alitoboa shingo? Ni mwendawazimu gani anayetoboa shi..." Akanitazama. Akanyamaza, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu.

Nerina naye alikuwa ananitazama. Hakuonekana na hasira. Alionekana kama mtu aliyebeba mzigo kwenye ngazi ndefu, ghafla ngazi zikaisha.

Mama hakumtazama yeyote.

"Nipeni," akasema.

Gildo akaokota, akamwekea kiganjani. Macho ya mama yalikuwa yamefifia siku nyingi, mambo mengi alikuwa anayajua kwa vidole. Alikigeuza kile kipande. Akaweka kidole gumba kwenye tundu la kwanza. Akakisogeza mpaka la pili. Akasogeza mpaka la tatu. Upana wa kidole gumba kati ya tundu na tundu. Akarudi mwanzo, akaanza upya, taratibu, kama mtu anayesali rozari, na midomo yake ilikuwa inahesabu.

Kwa miaka thelathini na miwili mwanamke yule alikuwa amepangusa meza ya jikoni kila asubuhi na kila jioni. Aliinua kopo la chumvi, akapangusa, akalirudisha.

Alipofika kwenye ile nusu ya tano, kidole kilikaa pale.

Kengele ya kanisa ikalia kuita watu kwenye baraka. Hakuna aliyekwenda.

"Gildo, nishike mkono, niinuke," mama akasema. "Nerina, binti yangu, nembo ya baba yako irudishe kwenye leso kwanza. Chukua hiki, ukishike vizuri. Tunakwenda nyumbani kwangu."

"Kufanya nini, mama?" nikamuuliza.

Alikuwa ameshanipa mgongo.

"Kuinua kopo la chumvi," akasema.